Picha Kumi na Moja za Kitulo

Mwanjelwa, Mbeya
12 Desemba 2024

Mama Neema wangu,

Salaam nyingi kutoka baridini. Natumaini wewe, Baba Neema na watoto hamjambo, na kwamba joto la Kigamboni bado halijakuyeyusha. Sisi huku ni wazima, ila mimi mafua yamenikaba tangu Jumatatu, na aliyenitia mafua haya ni wewe. Subiri, nitakueleza.

Ukifungua bahasha utakuta picha kumi na moja. Usianze kuzitazama kabla hujamaliza kusoma, nakujua.

Unakumbuka siku ya tatu ya msiba wa bibi yako kule Matamba, tulipokuwa tunamenya viazi nyuma ya nyumba? Ulinisimulia mlivyokuwa mkitumwa utotoni kuchimba viazi vya chikanda, vile vya okidi za porini, kule juu, mnarudi na vifuko vimejaa, tajiri anawasubiri barabarani, na hela yenyewe inaishia kwenye daftari na sabuni. Ukasema ukipewa kiazi kile leo gizani utakitambua kwa kidole. Halafu ukanyamaza kidogo, ukasema: "Lakini ua lake silijui. Tulikuwa tunatazama chini." Kwa mtu anayekula kwa kamera, maneno hayo ni deni. Miaka miwili natembea nalo.

Basi nimekwenda Kitulo, kwenye hifadhi ya maua. Jumamosi zangu zote ni za harusi na kipaimara, siku za kazi napiga pasipoti za watu wasiotaka kuvua kofia, kwa hiyo nikaichukua sikukuu ya Uhuru, tarehe 9. Mjomba wako nilipompigia kumwuliza hali ya barabara alinikataza kabisa. "Sasa hivi hakuna kitu mwanangu, njoo Februari." Kila mtu huniambia hivyo. Kwa macho ni kweli, Februari uwanda wote umevaa. Lakini kwa kamera nilibisha, na sasa nabisha nikiwa na ushahidi. Februari nyasi zimefika magotini, na ukilenga ua moja mengine manane yanajipenyeza kwenye picha kama wale mashangazi wa harusini wanaotaka waonekane nyuma ya bibi harusi. Mapema hivi, mvua zikiwa na wiki mbili tu, nyasi ndiyo kwanza zinachipua, fupi kama nywele za mtoto aliyenyolewa juzi. Ua likichomoza linasimama peke yake, nyuma yake udongo mweusi na ukungu. Mpiga picha anataka nini tena?

Nilimchukua Ipyana, yule mtoto wa dada, ana miaka kumi na miwili sasa na miguu yote imekuwa mirefu kuliko suruali. Kazi yake ilikuwa kubeba mwavuli. Dereva tuliyepatana saa kumi alfajiri alikuja saa kumi na moja na nusu, anamwomba radhi Mungu badala ya kuniomba mimi. Tukapita Uyole, tukashika barabara ya Tukuyu, Isyonje tukakata kushoto. Kutoka hapo unaijua: tope, mashamba ya viazi, pareto nyeupe mteremko mzima, akina mama wamejifunika blanketi na jembe begani. Kulipopambazuka vizuri tulikuwa juu, baridi inauma masikio. Betri za akiba nilizificha pale unapopajua wewe, maana baridi inazimaliza upesi, na kila nikizitoa Ipyana alikuwa anageuka kutazama milima kwa heshima.

Getini tulipewa kijana wa kutuongoza. Ipyana swali lake la kwanza: "Wanyama wako wapi?" Kijana akamwambia wanyama wa hapa wana mizizi. Nikampenda papo hapo. Ndipo akamweleza kwamba hifadhi hii ilitangazwa mwaka 2005, kilomita za mraba 413, na kwamba katika Afrika yote ya kitropiki hakukuwa na hifadhi ya taifa iliyoanzishwa hasa kwa ajili ya mimea kabla yake. Aina 350 za mimea, na kati ya hizo okidi za ardhini ni 45. Mtoto akazihesabu kimoyomoyo kama anayehesabu chenji. Mimi nilichofurahia zaidi ni kwamba unatembea kwa miguu, simba hayupo, unalala chini kifudifudi na kamera bila kumwogopa mtu wala mnyama.

Na nililala kweli. Gambuti, koti la mvua, mfuko wa nailoni chini ya kifua, na bado kufika saa nne nilikuwa nimelowa hadi fulana. Ndiyo mafua hayo.

Nikueleze namba 4, kwa sababu hiyo nimeitokea jasho. Kijana alituonyesha okidi moja pembeni ya kijito, kimo chake hakizidi mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidoleni. Kishina kimoja, maua yamepangana kuzunguka juu kama mahindi kwenye gunzi. Yale ya chini yameshafunguka, waridi iliyopauka, ya juu bado yamefumba na yana kijani. Kila ua nyuma yake limening'iniza vimkia viwili vyembamba, na humo ndani ndimo kuna asali ya kuita wadudu. Kijana akasema vimkia viwili ndiyo alama: ukiviona, hiyo ni Satyrium. Lenzi yangu ni ile ile ya milimita 50 ninayopigia maharusi, ila nimeifungia vile vipete vya kuisogeza mbele ili iweze kuona vitu vidogo. Shida yake ni kwamba ukikaribia hivyo, sehemu inayotoka kali kwenye picha ni nyembamba kuliko punje ya mchele. Upepo ukipuliza tu, ua limeondoka kwenye fokasi. Na Kitulo upepo haupumziki, labda unapata nafasi ya pumzi tatu hivi kati ya mmoja na mwingine.

Ipyana akachutama na mwavuli upande wa upepo. Nikamwambia asipumue. Nikasubiri. Ua linatikisika, linatulia, nikitaka kubonyeza linatikisika tena. Tone la umande lilikuwa limeshika kwenye kimkia cha kushoto, na ndani ya tone, Mama Neema, mlima mzima ulionekana umepinduka, kichwa chini. Nilipiga mara sitini na mbili. Hamsini na tisa nimezifuta. Katika hiyo niliyokutumia, chukua miwani ya kusomea ya Baba Neema uiweke juu ya tone, utaona. Kitu cheusi pembeni ni ncha ya mwavuli, nisamehe, sikutaka kuikata.

Pale pale nikamwuliza kijana habari ya viazi. Sikumtajia jina lako, usiwe na wasiwasi. Hakuchimba kutuonyesha, na alivyonitazama ilionekana wengine huwa wanamwomba achimbe. Alimshika Ipyana mikono, akamfumbisha ngumi mbili, moja kaza, moja legeza. Akasema chini ya kila shina kuna viazi viwili. Hiki kilicholegea ni cha mwaka jana, ndicho kinachoulisha mmea sasa, kinanywea polepole. Hiki kigumu kinajazwa sasa hivi kwa ajili ya mwaka ujao. Mchimbaji anataka kigumu. Kwa hiyo akichimba kabla mbegu hazijaiva, anaondoka na mwaka huu na mwaka ujao kwenye kifuko kimoja.

Nilifikiri nisikuandikie hilo. Halafu nikafikiri ungenikasirikia zaidi ukisikia kwingine. Mlikuwa watoto, mlitumwa. Na wala si ninyi peke yenu, maana alisema watafiti waliozunguka nyanda hizi mwanzoni mwa miaka ya 2000 walikadiria viazi vinavyovushwa kwenda Zambia ni mamilioni kwa mwaka, kwa kuwa kule wenyewe walikuwa wameshavimaliza porini. Wanavitwanga na karanga, wanatia magadi na pilipili, wanapika mpaka kinaganda kitu kama soseji nene, wanakata vipande na kuuza sokoni. Nimewahi kula Tunduma. Ni kitamu, siwezi kusema uongo.

Kwa hiyo nimefanya jambo moja ambalo kwa harusi sijawahi kulifanya. Picha nilizompa dada aziweke mtandaoni nimezifuta alama za mahali zilipopigwa, na kijito chenyewe sikitaji hata kwako. Barua hupotea.

Saa tano na nusu mvua ikashuka bila hodi. Tukakimbilia kwenye Noah, watu wanne na chupa ya chai ya tangawizi, tunahema kama ng'ombe. Na hapa nikafanya kosa la mwanafunzi: kamera iliyokuwa imepoa nje kwa muda wa saa nne nikaiingiza kwenye gari lenye joto na mvuke bila kuifunga kwenye mfuko. Kioo kikafanya ukungu mbele na nyuma. Unafuta, unarudi. Dakika kumi baadaye mawingu yakapasuka upande wa mlima Mtorwi, mwanga ukaanguka mstari mmoja kwenye bonde, rangi ambayo sijaiona tangu nianze kazi hii, na mimi nimekaa napulizia lenzi kama mtoto anayepoza uji. Ipyana aliipiga kwa simu ya dereva. Ndiyo namba 9. Imetoka hafifu na kidole chake kimo, lakini ni hiyo tu iliyopo, na dogo ameshaniambia mara tatu kwamba picha nzuri kuliko zote ni yake.

Namba 1 na 2 ni za kawaida, uwanda na ukungu. Namba 3 ni lile ua refu lenye rangi ya moto, njano chini na chungwa juu, ambalo ukipita tu unaliona hata kwenye gari. Namba 5 hadi 8 ni okidi nyingine, mbili za njano, moja nyeupe, na moja ya kijani ambayo nusura niikanyage. Kijana alisema kuna moja ya huku ambayo wanasayansi wameiita Pterygodium ukingense, jina la pili ni la Ukinga, la kwenu kabisa. Nilitaka sana kukuletea hiyo. Hatukuiona. Namba 10 ni mawe na kuvumwani, ule utando unaoota juu ya mawe; niliipenda tu.

Namba 11 utacheka. Hiyo ni mbingu tupu. Kulikuwa na mbayuwayu wa buluu, wale wanaokuja kuzalia huku msimu wa mvua, mkia umegawanyika kama mkasi, anapita chini chini juu ya nyasi, ukigeuka ameshapita. Nilipiga picha arobaini na tatu za mahali alipokuwa. Hii ndiyo ya karibu zaidi, kona ya juu kulia kuna kitu kama unyoya. Mwambie Neema ni ndege, watoto wanaamini.

Tulirudi kwa kuteremkia Matamba kwenda Chimala, kwa kuwa dereva alikuwa na mzigo wa kuchukua huko chini. Zile kona hamsini na saba Ipyana alizihesabu kwa sauti, akafika thelathini na moja akatapika. Nyumbani kwenu tulisimama dakika tano tu. Mjomba ni mzima, mguu unamsumbua kidogo, anasalimia, na ametuma gunia la viazi mviringo, nitalipakia kwenye basi la Jumapili. Mtume mtu Mbezi stendi asubuhi, nitakupigia kukupa namba ya gari. Nilimwonyesha picha kwenye kioo cha kamera. Zote alisema "hiki hakiliwi", ilipofika namba 4 na namba 7 akanyamaza, akaomba nirudishe nyuma atazame tena. Hakusema kitu na mimi sikuuliza.

Nyuma ya kila picha nimeandika namba kwa penseli. Sasa unaweza kuzitazama. Ukilijua lako, nitumie namba yake tu, huna haja ya kuandika barua ndefu. Na kama halimo, niambie hivyo hivyo, maana Februari nitakuwa na wiki moja bila harusi na gambuti zimeshakauka.

Wako,
Atupele