Kijana mwenye pesa kidogo asikimbilie shoki mbili mpya

Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wazazi na vijana wa Pwani kuhusu jambo linaloniuma kila shule zinapofungwa. Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Maweni, Malindi. Vijana wanaoniletea kazi siku hizi si wale wa kubeba maji na mkaa peke yao. Wapo wanaokwenda Marafa kuangalia Nyari, yale makorongo, wapo wanaoingia msitu wa Arabuko-Sokoke kupitia Gede, na wapo wanaotembeza wageni kwa baiskeli kule Watamu na kujipatia riziki. Nawapenda vijana hawa, na ndiyo sababu siwezi kunyamaza nikiona wanavyouziwa baiskeli mpya zinazong'aa, zenye shoki mbele na nyuma, za bei ya chini, ambazo hazikuundwa kwa njia hizo hata kidogo.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Kama mfuko wako ni mwepesi na hii ndiyo baiskeli yako ya kwanza ya milimani, nunua yenye shoki moja nzuri ya mbele, au tafuta ya shoki mbili ya mtumba kutoka kwa mtengenezaji anayejulikana, uikague mpaka uridhike. Ya shoki mbili mpya ya bei rahisi iache dukani.

Juzi kijana wa kidato cha tatu alinijia akisukuma moja ya hizo. "Shikamoo ami. Inagonga nyuma, na nikipanda kilima inanirusharusha tu." Niliifungua mbele yake aone mwenyewe. Shoki ya nyuma ilikuwa springi nene iliyopakwa rangi nyekundu, imezungushiwa chuma kimoja kinachoingia na kutoka ndani ya bomba. Oili hamna, hewa hamna, sili ya kuzuia oili isitoke na vumbi lisiingie hamna. Kwenye viungo vya ule mkono unaoshika gurudumu la nyuma, mahali pa beringi, paliwekwa bushi za plastiki, na bolti zilikuwa zimeshazila bushi hizo hata ukilishika gurudumu kwa vidole viwili linacheza kushoto na kulia. Na ilikuwa bado mpya: tairi zilikuwa na vile vinyweleo vya mpira vya kiwandani.

Wanaouza husema, "shoki ni shoki." Sikubali, na naomba msomaji anivumilie nieleze. Shoki ina kazi mbili. Ya kwanza ni ya springi, iwe ya chuma au ya hewa: kupokea pigo. Ya pili ni kuizuia springi hiyo isirudi kwa kishindo, na hii ni kazi ya oili inayolazimishwa kupita kwenye vijitundu ndani ya shoki. Oili ikipita kwa shida, nguvu ya pigo hugeuka joto na kuishia humo. Pasipo oili, springi hukurudishia karibu nguvu yote uliyoipa. Ukigonga shimo inakutupa juu, na gurudumu linaachana na ardhi wakati ule ule unapotaka breki ishike. Ukipanda kilima, kila ukikanyaga padeli springi inabonyea na kurudi, na jasho lako linaliwa na springi kabla halijafika kwenye gurudumu. Springi ya chuma yenyewe haina ubaya. Ziko shoki za springi zinazotumiwa na mabingwa. Angalia kama kuna oili inayoiongoza.

Tena hii ni elimu ya zamani. Shoki ya mbele ya kwanza ya kampuni ya RockShox, RS-1, iliyobuniwa na Paul Turner na kutoka mwaka 1989, ilikuwa na hewa na oili ndani yake. Mwaka 1990 Mmarekani Greg Herbold alitwaa ubingwa wa dunia wa kuteremka mlima kule Durango, Colorado, akitumia shoki za kampuni hiyo. Leo, zaidi ya miaka 30 baadaye, kijana wa Malindi anauziwa kama maajabu mapya kitu kisichoifikia shoki ile ya mwanzo.

Mzazi ataniuliza, mbona basi wanaziunda? Kwa sababu macho hununua kabla ya akili. Piga hesabu ya kijana aliyejikusanyia shilingi 40,000. Katika pesa hizo kiwanda kinapaswa kulipia fremu, shoki ya mbele, shoki ya nyuma, viungo na bolti zake, gia, breki, magurudumu, katoni na meli, kisha muuzaji naye apate chake. Shoki ya nyuma iliyo na oili na viungo vyenye beringi ni vitu ghali. Visipokatwa hivyo, kitakatwa kingine, na mara nyingi hukatwa vyote: breki dhaifu za waya, rimu zinazopinda, na fremu ya chuma kizito inayofanya baiskeli nzima ifike kilo 18 au zaidi. Toa shoki ya nyuma na viungo vyake, na pesa zile zile zinaanza kutosha breki za mafuta, magurudumu imara na shoki ya mbele ya kweli. Baiskeli inakuwa nyepesi, na vitu vya kuharibika vinapungua.

Tuangalie na ardhi yetu. Watu husoma habari za milima ya Ulaya na Marekani wakasahau wanapanda wapi. Ndani ya Arabuko-Sokoke, kwenye miti ya mirihi, mchanga ni mweupe na laini. Ukielekea magharibi udongo unakuwa mwekundu na njia inakuwa imara. Karibu na bahari unakanyaga mawe ya matumbawe yenye makali. Shoki haikusaidii kitu kwenye mchanga, hata ikiwa ya bei gani. Kinachokuvusha hapo ni tairi pana na presha ndogo. Tairi ya inchi 2.3 au 2.4 isiyo na tyubu, yenye maji ya kuziba matundu ndani yake, kijana wa kilo 65 au 70 anaweza kuipanda kwa psi 25 hivi ikaelea juu ya mchanga, na ile miiba yetu ikachoma bila kumlaza njiani. Mwenye tyubu aongeze kidogo, maana kwenye matumbawe presha ikiwa chini sana rimu huiuma tyubu na kuacha matundu mawili pacha. Tairi mbili nzuri zitabadilisha safari ya Marafa kuliko shoki ya nyuma ya ovyo, na bei yake haikaribiani.

Hata hivyo sitawadanganya vijana kwamba shoki mbili hazina maana. Anayeteremka makorongo kwa kasi, anayepanda kutwa nzima juu ya mawe, mwenye mgongo unaomsumbua, shoki ya nyuma iliyo nzuri inamfaa sana. Gurudumu la nyuma linabaki chini, breki inashika, na mwili unafika jioni ukiwa mzima. Huyu namwambia atafute mtumba, na ajue pa kutazama.

Aanze na zenye magurudumu ya inchi 26. Kuanzia miaka ya 2010 watengenezaji wakubwa waliziacha inchi 26 wakahamia 27.5 na 29, na wapandaji wa nje wakafuata. Baiskeli nzuri za shoki mbili za inchi 26, zilizokuwa ghali sana siku zake, zikashuka bei kwa sababu ya fasheni tu. Sisi huku tyubu na tairi za 26 zinauzwa kila mtaa. Kinachomkosesha Mzungu hamu ndicho kinachotufaa. Urefu wa mwendo wa shoki, yaani gurudumu linavyoweza kupanda na kushuka, usimsumbue: milimita 100 hadi 130 zinatosha sana kwa njia zetu. Zile za 160 na kwenda juu zimeundwa kwa milima mikubwa, na kwenye tambarare ya Ganda au Kakoneni atazikokota kwa taabu.

Akiipata, aikague hivi. Alete kitambaa na tochi. Afute fremu yote, hasa pale bomba zinapoungana na pale viungo vya mkono wa nyuma vinapofungwa, kisha amulike polepole. Ufa huanza kama unywele karibu na mshono wa kulehemu, rangi ikiwa imepasuka kidogo. Akiuona asiendelee, hata apunguziwe nusu ya bei. Fremu ya kaboni ya mtumba, kwa mtu anayeanza, aiepuke, maana ufa wake unaweza kujificha ndani. Kisha asimame ubavuni, ashike kiti, akinyanyue kidogo sana na kukishusha, kidogo sana, gurudumu la nyuma lisiondoke chini. Akihisi mgongano mdogo, "tk", kabla ya uzito kushika, basi bushi za shoki au beringi za viungo zimekwisha. Alishike gurudumu la nyuma juu, alisukume kuelekea kushoto na kulia huku mkono mwingine ukigusa kiungo kimoja baada ya kingine. Kile kilicholegea utakisikia kwenye kidole. Beringi hubadilishwa, kwa hiyo hilo ni la kupunguziana bei. Lakini kama tundu lenyewe la fremu limepanuka, aiache.

Miguu ya shoki, ile sehemu laini inayoteleza, apitishe ukucha juu yake. Mkwaruzo unaokamata ukucha utakata sili, na sili ikikatika oili inatoka na vumbi linaingia. Shoki ya hewa ijazwe jioni na kuangaliwa asubuhi kama imeshika. Muuzaji mkweli hatakataa kungoja usiku mmoja. Kisha akae juu, abonye kwa nguvu na kuachilia: irudi haraka lakini kwa utulivu, bila kumrusha. Mwisho apime shoki ya nyuma kutoka katikati ya tundu la bolti hadi katikati ya tundu la pili, na aandike namba zilizochapishwa juu yake, kwa mfano 200 kwa 57, yaani urefu wake na mwendo wake. Mwaka 2016 vilianza kutoka vipimo vipya vya milimita, na shoki ya kipimo kipya haiingii kwenye fremu ya zamani. Bila namba hizo, siku shoki ikifa ataagiza kitu kisichomfaa.

Akishainunua, pesa inayofuata iende kwenye pampu ya shoki. Hii ni pampu ndogo ya mkono yenye saa yake ya kupimia presha, inayofika psi 300. Mashine ya kujazia tairi za gari haifai: chumba cha hewa cha shoki ni kidogo na presha yake ni kubwa, hutaweza kuipima hapo. Aketi kwenye baiskeli akiwa na mkoba wake wa safari, na shoki izame robo mpaka asilimia 30 ya mwendo wake. Shoki ya nyuma ambayo yenyewe ina mwendo wa milimita 50, ukiacha ule wa gurudumu, izame 13 hadi 15. Vijana wengi hujaza hewa mpaka shoki inakuwa gogo, kisha wanalalamika kuwa haina faida.

Na chumvi, Mhariri. Upepo wa bahari hapa Malindi unakula chuma hata kikiwa kimeegeshwa ukutani. Baiskeli ioshwe kwa maji baridi ya ndoo, yasiyo na chumvi, na kitambaa, isipelekwe kwenye zile mashine za kuoshea bodaboda, kwani maji ya nguvu yanapenya sili na kuingia kwenye beringi, yanatoa grisi, na kutu inaanza ndani pasipoonekana. Miguu ya shoki ifutwe kila baada ya safari. RockShox wenyewe hushauri sehemu ya chini ya shoki ya mbele ifunguliwe na kutiwa oili mpya kila saa 50 za kupanda. Mwenye shoki mbili ana kazi hiyo mara mbili, na pesa yake aitenge tangu siku ya kununua.

Nina neno kwa wauzaji. Baadhi ya baiskeli hizi mpya huja na kibandiko kidogo kwenye fremu, kwa Kiingereza, kinachosema zisipandwe njia mbovu wala kurushwa. Nimewaona wakikibandua kabla ya kuitundika mlangoni. Yule kijana wa kidato cha tatu aliambiwa dukani kuwa baiskeli yake ni ya msituni, na alipoomba kuizungusha kidogo akaambiwa alipe kwanza. Ndugu zangu, kiacheni kibandiko na mumsomee mnunuzi kwa Kiswahili. Mpeni aipande mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, aishike kiti na kukinyanyua, aikanyage akiwa amesimama. Mkishaona haihimili jaribio hilo barazani kwenu, mkampe mtoto wa watu ateremke nayo Marafa?

Mama wa kijana yule alikuja jana kuniuliza afanye nini, kwa kuwa duka limekataa kuirudisha. Nimemwambia baiskeli ile itumike kwenda shule kwenye lami, na viungo nitamkazia bila malipo. Akipata pesa tena, amnunulie mwanawe ya shoki moja yenye breki za mafuta, na chenji itakayobaki iende kwenye helmeti.

Fundi wa baiskeli,
Maweni, Malindi.