Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Lubumbashi

Ndugu wanachama wa chama chetu cha kusaidia wagonjwa wa macho, wamama na wababa wa Katuba, Kenya, Ruashi na komini nyingine za mji wetu,

Kuhusu mtoto wa jicho sitasema mengi. Lenzi iliyoingia ukungu inatolewa, ya bandia inawekwa, na mzee aliyekuja akishikwa mkono anarudi akichagua maembe mwenyewe sokoni. Mfuko wetu umeendelea kusaidia, na mweka hazina atasoma hesabu.

Mwaka huu kilichotushughulisha zaidi ni presha ya macho, ile waganga wa hospitali wanayoiita glakoma. Kwa kawaida haiumi, haiwashi. Inakula mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo, mara nyingi ikianzia pembeni, na mtu anajikwaa kwenye ndoo akisema ni uzee. Kilichopotea hakirudi, hata kwa upasuaji. Mama mmoja alituuliza kikaoni: "Haya matone ya kila siku yananisaidia nini, mbona sioni vizuri kuliko jana?" Swali la haki. Matone yanalinda kilichobaki, basi. Ndiyo maana kuchangisha pesa za glakoma ni kazi ngumu: hatuna mgonjwa anayeshangilia wa kumwonyesha mfadhili. (Wenye pumu, mwambieni muganga kabla hajawaandikia timololi, mojawapo ya matone hayo ya glakoma, maana inaweza kubana pumzi.)

Ugonjwa huu unafuata damu. Kwa hiyo tuliomba kila mgonjwa alete ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wakubwa wapimwe. Wengine walikuja, wengine walikataa, wakihofia ukoo wao utasemwa. Nawaelewa, lakini woga huo unatupofusha watu.

Kisha kuna vumbi la kiangazi. Kuanzia Mei watoto wanajikuna macho mpaka yanakuwa mekundu, na mzazi anakimbilia farmasi kununua matone ya deksametazoni bila karatasi ya muganga. Muwasho unatulia upesi, naye anarudi kununua tena, mwezi baada ya mwezi. Dawa hiyo ikitumika muda mrefu bila kupimwa inaweza kupandisha presha ndani ya jicho, hata jicho la mtoto, na inaweza pia kuleta mtoto wa jicho. Tulizungumza na wenye farmasi kadhaa. Mmoja alitujibu wazi: "Nikikataa mimi, jirani yangu atauza." Biashara ndivyo ilivyo, tutaongea na wazazi.

Wachomeleaji vyuma, kioo cheusi machoni, si mkono usoni.

Kwa mwaka ujao, kamati inapendekeza sehemu ya michango inunue chombo cha kupimia presha ya macho, badala ya yote kwenda kwenye upasuaji. Najua wengi hamkubali, na wazee wanaosubiri zamu ya upasuaji wana sababu ya kunung'unika. Mimi naunga mkono chombo. Kura itapigwa leo, baada ya hesabu kusomwa; asiyeona karatasi asomewe na mtu anayemwamini, si na mjumbe wa kamati.