Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Safari Zetu za Siku Moja

Ndugu wanachama,

Nawasalimu nyote, kila mmoja kwa salamu aipendayo.

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa kabla mweka hazina hajasoma hesabu. Mwaka jana nilisoma kurasa nne na nikawaona waliosinzia. Mara hii nitazungumzia safari tu, maana ndizo zilizotufurahisha na ndizo zilizotugombanisha. Mengine yote yamo kwenye karatasi za Bi. Katibu, na mwenye swali amuulize yeye.

Tulipanga safari sita, tukafanya tano. Ya Takaungu ilikumbwa na mvua ya masika tukaiahirisha. Halafu ikazuka moja ambayo haikuwa kwenye mpango, na hiyo ndiyo iliyonifunza zaidi. Nitaifikia.

Tulianza Ngomeni, yaani ngome ya Fort Jesus. Wapo waliocheka: sisi watu wa Mombasa twende kutalii Ngomeni? Tulikutana langoni saa tatu asubuhi, watu 31, nikauliza ni wangapi waliowahi kuingia ndani tangu walipopelekwa na walimu wao. Mikono iliyoinuliwa ilikuwa 7. Ukuta ule tunaupita kila tukienda Mji wa Kale, na ndani hatuujui.

Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 kwa mchoro wa Mtaliano, Giovanni Battista Cairati, na ukiitazama kutoka juu ni kama mtu aliyelala chali. Tulioneshwa ukuta ambao askari wa Kireno waliuchora kwa makaa na udongo mwekundu: majahazi, watu, samaki. Mzingiro wa Waomani ulianza 1696 ukaisha 1698, karibu miaka mitatu ya njaa na maradhi. Vitu vilivyotolewa kwenye jahazi la Santo António de Tanna, lililozama hapo chini mwaka 1697, vimewekwa ndani. Hayo yote mwongozaji aliyaeleza vizuri. Lakini kilichotunyamazisha kilitoka kwa mzee wetu mmoja, mzaliwa wa Kuze. Ngome ile ilikuwa jela tangu 1895 hadi 1958, kisha ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mzee akasema utotoni mwake mama akikasirika alikuwa akimwambia, "Utakwenda Ngomeni wewe!" Naye hakuwa ameingia hata siku moja mpaka asubuhi ile, na miaka sitini na ushei imepita tangu jela ihamishwe. Alisimama uani kwa muda mrefu, sisi tukamwacha.

Rabai tulikwenda Jumamosi moja, kwa matwana mbili. Ni karibu, ila barabara ya kutoka Mazeras inahitaji dereva mwenye subira. Mmisionari wa Kijerumani, Johann Ludwig Krapf, alifika Mombasa mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao. Mwaka 1846 akiwa na mwenzake Johannes Rebmann wakaanzisha kituo Rabai. Kanisa la zamani sasa ni makumbusho. Tuliposimuliwa kwamba mwaka 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na wasomi wa Ulaya wakakataa kumwamini, mama mmoja wa Kisauni aliuliza, "Kwani Wachaga walikuwa wakiangalia wapi?" Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani swali lile lilistahili kubandikwa ukutani.

Kuhusu kaya, yaani misitu mitakatifu yalimokuwa makao ya mababu wa Mijikenda, nataka niseme wazi. Misitu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2008, na Rabai ni miongoni mwake. Wazee wa kaya wana masharti yao na ruhusa yao huombwa mapema. Baadhi yetu hawakutaka kuingia kwa sababu ya imani zao, wakabaki nje chini ya mkorosho. Baadaye nilisikia wamefanyiwa mzaha garini. Sikupenda. Aingiaye ana heshima yake, na abakiye nje ana yake.

Sasa safari ya tatu. Doa lake ni langu, na sitamsukumia mtu.

Niliandika kwenye tangazo: Mnarani, Gede na Malindi, kwa siku moja. Nilijisifu hata kabla ya kuondoka, maana nauli ni ileile na vituo ni vitatu. Basi lilipaswa kufika saa kumi na mbili asubuhi. Mwenye basi, ambaye simtaji, alilileta saa mbili kasorobo. Msongamano wa Mtwapa ukatumalizia asubuhi. Mnarani, Kilifi, tulipanda ngazi kuelekea magofu ya msikiti juu ya mwamba, na hapo ndipo nilipokumbuka kwamba nusu ya wanachama wetu wana magoti ya umri wangu. Kumi na mmoja walibaki chini. Wao angalau walifaidi: walikaa wakikumbushana siku za feri ya Kilifi, kabla ya daraja kufunguliwa mwaka 1991, foleni yake na wauza korosho waliokuwa wakigongagonga vioo vya magari. Nilipowafuata, hawakutaka kuondoka.

Gede tulifika saa saba mchana, saa ya jua kali na njaa. Tulikula wima. Kima mmoja alishuka mtini akachukua mfuko mzima wa sambusa za Bi. Katibu, na hilo ndilo tukio la Gede ambalo wengi walilihadithia nyumbani. Tulizunguka magofu kwa saa moja kama watu waliopoteza funguo. Malindi tuliifikia saa kumi na moja jioni, tukapiga picha mbele ya nguzo ya Vasco da Gama, mtu mmoja mmoja, kisha pamoja, kisha bila watoto. Mombasa tulirudi saa nne usiku. Bi. Katibu alipiga hesabu kwenye daftari lake: saa 9 garini, saa 3 kwenye magofu, zilizobaki ni kusubiriana. Kesho yake mjukuu wangu aliniuliza, "Bibi, jana tuliona nini?" Nikamtajia majina ya mahali. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu.

Wiki tatu baadaye wanachama 14 waliamua kurudi Gede, kwa matwana ya mmoja wao, bila makelele wala tangazo. Nami nikajipachika. Tulikaa pale tangu saa nne hadi lango linakaribia kufungwa.

Ndugu zangu, ni mahali pengine kabisa. Kuna kaburi lenye tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Nyumba zimepewa majina ya vitu vilivyochimbuliwa humo kati ya 1948 na 1958 na mwanaakiolojia James Kirkman na watu wake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Kauri, Nyumba ya Taa ya Chuma. Mji ule ulikuwa na misikiti, jumba la mfalme na vyoo vyenye mahali pa kutawadhia, na akina mama walitumia karibu saa nzima vyooni wakilinganisha na vya nyumba za kupanga za siku hizi. Wenye nyumba waliokuwapo waliinamisha vichwa. Wareno waliishi Malindi, kilomita kama 16 tu, na hawakuutaja mji huu hata mara moja. Watu wakahama katika karne ya 17. Kwa nini? Wengine hutaja uvamizi, wengine huonesha visima vilivyozidi kuchimbwa chini na kusema maji yaliwakimbia. Tulibishana juu ya kisima kimoja mpaka tukasahau chakula.

Tulikuwa pia na fundi wetu mwashi. Mara ya kwanza hakupata nafasi ya kufungua mdomo. Mara hii alipitisha kiganja ukutani akatueleza jinsi matumbawe yanavyochomwa kwa magogo kupata chokaa, na kwamba jiwe la kibla hutolewa baharini likachongwa lingali bichi na laini, maana likikauka patasi hairudi tena. Vijana wawili walimfuata mchana kutwa. Gede imeingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2024, lakini mimi naihesabu kuanzia siku ile.

Jambo la aibu lilitokea siku hiyohiyo na sitalificha. Mwanachama mmoja aliokota kigae cha chungu akakitia mkobani. Aligundulika tukiwa langoni, akakirudisha mwenyewe. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 hairuhusu, na hata ingeruhusu, kigae kile sebuleni kwako kitakuwa takataka.

Kwa Jumba la Mtwana, Mtwapa, tulijirudi: mahali pamoja tu, siku nzima. Ni mji wa karne ya 14 uliohamwa karne iliyofuata, na umekaa ufukweni kabisa. Nyumba ya Milango Mingi hudhaniwa ilikuwa ya kulaza wageni. Penye Msikiti wa Pwani kuna kaburi lenye maandishi kwamba kila nafsi itaonja mauti. Tulikula samaki wa kupaka, tukaswali, wengine wakalala chini ya mibuyu. Hakuna aliyelalamika, na kwa chama hiki hilo ni jambo la kuandikwa.

Shimoni na Wasini nitazipitia haraka, kwa kuwa wengi mlikuwapo. Tulivuka Likoni alfajiri. Ndani ya pango, wenyeji husimulia kwamba watumwa walifungiwa humo wakisubiri vyombo, na vyuma vilivyopigiliwa ukutani huoneshwa. Kiingilio husimamiwa na kijiji chenyewe. Wasini, akina mama wa kisiwa ndio wenye daraja la mbao linalopita juu ya bustani ya matumbawe, na mapato wanayapangia wao. Nimewaomba akina mama wetu wawaandikie, maana tumekuwa tukizungumzia mradi miaka mitatu bila hata ubao mmoja. Angalizo: ratiba ya Wasini hupangwa kwa maji, si kwa saa. Tulibahatika kukuta maji yamekupwa, tukatembea hadi chini kwenye mawe.

Fedha atasoma Mweka Hazina. Mimi nasema moja tu: makumbusho ya taifa yana bei ya wenyeji na bei ya wageni, na mwenyeji hujulikana kwa kitambulisho. Wanne walikiacha nyumbani, tukabaki langoni tukibembeleza.

Halmashauri inawaletea pendekezo mlipigie kura leo: kuanzia mwaka huu, safari moja, mahali pamoja. Najua hoja ya upande wa pili, kwamba aliyelipa nauli ya basi ana haki ya kuona vingi. Niliiamini hoja hiyo hadi saa nne ya usiku ule wa Malindi. Wanaodai Lamu nao nawasikia, ila Lamu si safari ya siku moja na sitawadanganya.

Takaungu tutaijaribu tena mvua zikikatika. Mje na viatu vya kufunga, kofia, vitambulisho, na sambusa zenu mzifungie vizuri. Basi, la mwenye basi mwingine, litaondoka saa kumi na mbili asubuhi, nami nitakuwa mlangoni na orodha.

Mwenyekiti wenu