Barua kwa mwanangu: utalala wapi?

Makorora, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Salamu nyingi. Mjomba wako kanipigia, mnaondoka huko Muheza Jumanne kwenda kukiona Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Vizuri mmechagua siku ya kazi na wanafunzi hawajafunga. Chuo kikiwa kitupu utaona miti na majengo tu, urudi unakisifia bure.

Basi litawashusha Mbezi, stendi ya Magufuli. Msimfuate anayewavuta begi. Pandeni daladala la kupita barabara ya Sam Nujoma, mshuke Mlimani City, hapo ulizeni gari za kupanda Chuo. Ukumbi wa Nkrumah utaupiga picha, najua. Hata kwenye noti ya mia tano ulikuwepo kabla haijawa sarafu. Lakini mimi nataka uniletee jibu moja: utalala wapi?

Hosteli za Magufuli, zilizofunguliwa 2017, ni majengo 20 ya wanafunzi 3,840. Jumlisha mabweni ya zamani na Mabibo, bado wanafunzi ni wengi kuliko vitanda. Na Mabibo iko nje ya chuo, asubuhi ni kugombea gari. Kwa hiyo usiniambie "nitapata tu hosteli".

Halafu kuna hili ambalo wewe na wenzio hamkuliwaza: Ndaki ya TEHAMA, yaani ya kompyuta unayotaka kusoma, iko Kijitonyama, si Mlimani kwenye kampasi kuu. Mtafute mwanafunzi wa kompyuta wa mwaka wa kwanza, si mtu wa ofisini, akuoneshe ratiba kwenye simu yake. Vipindi vingapi Kijitonyama, vingapi Mlimani? Kama wiki nzima ni kwenda na kurudi, chumba cha bei nafuu Changanyikeni, jirani na Mlimani, kitakumaliza kwa nauli.

Vyumba vya mtaani tazameni Msewe, Changanyikeni, Survey na Sinza. Dalali atadai hela ya kukuonesha chumba, na ukikichukua atataka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Mwenye nyumba naye atataka miezi sita kwa mkupuo. Jumanne msilipe kitu. Bomba lifungue mwenyewe, usiulize kama maji yanatoka. LUKU ya umeme ni yako au mnachangia? Mkichangia, mwenye jiko la umeme anawala wenzake. Angalia ukuta kwa chini: rangi ikibabuka mpaka usawa wa goti, masika maji huingia. Kisha nendeni maktaba mpya, ulizeni inafungwa saa ngapi usiku, na kutoka hapo mtembee kwa miguu hadi kwenye hicho chumba ukihesabu taa za njiani. Mjomba wako atalalamika goti. Mwache alalamike.

Bumu la kwanza, hiyo hela ya mkopo ya kujikimu, mara nyingi halifiki wiki mnayofungua, na mwenye nyumba hasubiri bumu. Ndiyo maana nauliza tena: mwezi ule wa kwanza utalala wapi? Kwa shangazi yako Mbagala usinitajie. Ukitoka maktaba usiku, Mbagala utafika saa ngapi?

Mwalimu wako wa hesabu kanisimamisha sokoni akikusifia mbele za watu, nikajisikia raha. Ila bingwa huyohuyo wa hesabu cheti chake cha kuzaliwa mpaka leo hakijahakikiwa RITA, wanaosajili vizazi na vifo, na bila uhakiki maombi ya mkopo hayaendi. Cheti hicho kinasema Zuhra, cha kidato cha nne kinasema Zuhura. Jina lirekebishwe kwanza, ndipo uhakiki. Dirisha la mkopo likifunguliwa utakuta foleni ya watu waliosema "kesho" kama wewe.

Machungwa ya bibi yafunge kwenye tenga, kwenye kiroba yanaoza kabla ya kunifikia hapa Tanga, stendi ya Kange. Mwambie mama yako mdogo nalitaka lile sufuria kubwa kabla ya arusi ya jirani, mfuniko wake pia. Baba yako anaendelea vizuri, kikohozi kimepungua.

Mkifika Mbezi nipigie, usitume meseji. Simu hii inazileta jioni zote kwa pamoja.

Mama yako