Kabla ya kuuliza nchi gani, uliza mwezi gani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu yako ya barua. Wiki iliyopita mlitoa makala ya kulinganisha Afrika Mashariki na Kusini mwa Afrika, wapi pazuri zaidi kwenda kuona wanyama, nimeisoma mara mbili na imenisumbua, maana mwandishi kazipanga nchi kama msimamo wa ligi, hii ya kwanza hii ya pili, na toka mwanzo hadi mwisho hajamuuliza msomaji wake anakwenda mwezi gani. Mi nasema swali hilo ndo la kwanza. Mnyama anafuata maji na majani, hajui mipaka ya nchi, na maji hayakai sehemu moja mwaka mzima.

Naongea hivi kwa sababu yamenikuta. Safari yetu ya kwanza Serengeti, mimi na mume wangu na watoto wawili, tulikuwa na picha moja tu kichwani, ile ya nyumbu wanajitosa mtoni na mamba wanawasubiri. Aliyetuuzia safari tulimwambia hivyo hivyo, akasema hakuna shida, akachukua hela yetu akatupangia kempu kule kaskazini karibu na mto Mara. Mwezi wa pili. Tumefika mto upo, viboko wapo, majani yamesimama marefu, nyumbu wa kutafuta. Siku ya kwanza tukajipa moyo, siku ya pili dereva wetu, mtu mzima mpole sana, akazima gari akageuka akaniambia taratibu, "Mama, samahani, nyumbu sa hivi wako Ndutu wanazaa. Ni kule chini kusini, karibu siku nzima ya gari." Nikamuuliza sasa huku tumeletwa kufanya nini, akaangalia chini akanyamaza, na kosa halikuwa lake. Mwanangu mdogo alikuwa amekusanya hela zake mwenyewe kununua darubini kwa ajili ya hiyo safari, hilo ndo liliniuma kuliko hela tulizolipa.

Tukakubaliana naye, kesho yake tukaondoka giza bado halijaisha, tukateremka. Na kwa kweli asubuhi iliyofuata, pale Ndutu, nikaelewa kitu ambacho hakuna mtu alikuwa amenieleza. Nyumbu jike alijitenga kidogo na wenzake, akalala, akainuka, akalala tena, tukaona miguu miwili ya ndama imetangulia, halafu kichwa, halafu mwili wote, ndama akadondoka kwenye majani mafupi akiwa bado amelowa. Akajaribu kusimama akaanguka kifudifudi, akajaribu tena, mama yake anamlamba anamsukuma kwa pua, hazikufika dakika kumi huyo anakimbia ubavuni kwa mama yake na ile miguu mirefu inapishana. Dereva akatuambia wengi wanazaa kabla ya mchana kuisha ili usiku ukiingia ndama awe ameshapata nguvu, maana fisi wako hapo hapo. Wanazaa karibu wote kwa pamoja, ndani ya wiki chache, kiasi kwamba simba na fisi na duma wakila mpaka washibe bado wanabaki wengi. Na kwa nini pale? Kwa sababu tambarare zile za kusini zina udongo wa majivu ya volkano, majani yake yana kalisi na fosforasi ambayo mama anayenyonyesha anaihitaji, na kwa vile ni mafupi adui anaonekana kwa mbali. Mvua ikikatika pale hakuna maji ya maana, inabidi waondoke, mwezi wa tano na wa sita wanasogea magharibi kuelekea mto Grumeti, kuanzia wa saba mpaka wa kumi ndo wako kule kaskazini na Maasai Mara upande wa Kenya, vuli ikianza wanarudi. Mahali ambapo mwezi wa pili tulikaa siku mbili tunaangalia majani, mwezi wa nane unakuta magari yamepangana ukingoni. Kwa hiyo mtu akiniambia Serengeti ni nzuri namuuliza Serengeti ipi, ina kilomita za mraba zaidi ya 14,000 na nyumbu zaidi ya milioni moja wanaozunguka ndani yake na kutoka nje yake.

Sasa Kusini mwa Afrika mambo yanakwenda kivingine, na hapa ndo makala yenu ilinishangaza zaidi. Kule mvua ni msimu mmoja, kuanzia kama mwezi wa kumi na moja mpaka wa tatu au wa nne, baada ya hapo kunakauka moja kwa moja, kwa hiyo kadiri unavyosogea kwenye mwezi wa tisa na wa kumi ndo wanyama wanavyobanana kwenye mito na madimbwi yaliyobaki. Hifadhi kama Chobe ya Botswana, Hwange na Mana Pools za Zimbabwe, Luangwa Kusini ya Zambia, Kruger ya Afrika Kusini, kote huko ni hivyo. Joto la mwezi wa kumi ni kali, sikufichi, lakini kuona utaona. Ukienda mwezi wa kwanza utakuta kijani kizuri, ndege kibao, wanyama wametawanyika porini kwa sababu maji yapo kila mahali. Halafu hapo hapo kusini kuna delta ya mto Okavango ambayo ni kinyume kabisa, mvua inanyesha kwenye milima ya Angola, maji yanatembea taratibu miezi kadhaa, yanafika Botswana na kuenea kwenye mchanga wa Kalahari wakati wa kiangazi, mawinguni hakuna hata tone. Anayetaka kupita kwenye ile mitumbwi yao wanaita mokoro aende kama mwezi wa sita mpaka wa nane. Mwandishi wenu kaandika tu "Botswana, mitumbwi na tembo" akaendelea na nchi nyingine, msomaji akienda mwezi wa kumi na mbili akakuta maji yamepungua atamlaumu nani?

Miaka kadhaa baadaye tulifika Etosha, Namibia, mwezi wa tisa, na safari hii mwezi tuliuchagua wenyewe. Kambi ya Okaukuejo ina dimbwi lenye taa usiku, mnakaa kwenye viti nyuma ya ukuta mfupi wa mawe, hakuna anayeongea, hata watoto wa wenzetu walikuwa wanaongea kwa mikono. Usiku ule akaja kifaru mweusi na mtoto wake. Unasikia kwanza kokoto, halafu anatokea kwenye mwanga, anasimama, masikio yanazunguka kila moja upande wake, anakunywa maji unasikia kila funda. Tembo wakafika wakampisha, sikutegemea. Hiyo inawezekana kwa sababu kule ni kukavu kiasi kwamba hakuna pengine pa kunywa, ungekuwa msimu wa mvua tungekaa pale mpaka alfajiri na nyota tu.

Sisemi kusini ni bora. Kuna tofauti nyingine ambazo mtu azipime mwenyewe, mfano Kruger na Etosha unaweza kuingia na gari lako dogo la kawaida ukajiendesha, sharti uwe getini kabla jua halijazama, wakati Serengeti na Mara watu wengi wanakwenda na dereva kwenye gari la paa linalonyanyuka, na mi nasema ukipata dereva anayejua kama yule wetu ni sawa na kupata mwalimu. Anayetaka kutembea kwa miguu na askari mwenye bunduki aangalie Zambia, Luangwa Kusini, ndiko desturi hiyo ilikokomaa. Mwenye watoto wadogo anayeogopa malaria, Afrika Kusini kuna Addo, Madikwe na Pilanesberg ambako haipo. Gorila wa milimani ni jambo la peke yake, Uganda na Rwanda, kibali kwa mgeni wa nje dola 800 Uganda na dola 1,500 Rwanda, mnakaa nao saa moja basi, na chini ya miaka 15 haruhusiwi, na hili niwaambie wazazi mapema kabla hawajawaahidi watoto.

Kingine ambacho makala haikugusa, na kwetu sisi tunaosoma gazeti hili ni kikubwa: raia wa Afrika Mashariki kiingilio chake kwenye hifadhi za Tanzania na Kenya ni kidogo sana ukilinganisha na cha mgeni. Mtu anajinyima miaka ili aende Kruger, na hajawahi kuiona Ruaha ya Tanzania. Ruaha jamani. Pale ndipo pori la mashariki na la kusini yanapokutana, miombo kwa upande huu migunga kwa upande ule, unakuta tandala mkubwa na tandala mdogo hifadhi moja, simba ni wengi mno, na magari unaweza kupita nusu siku usikutane na jingine. Katavi, nayo ya Tanzania, ndo mbali zaidi, ila mwezi wa tisa na wa kumi viboko wanajaa kwenye tope lililobaki mgongo kwa mgongo mpaka maji huyaoni. Ukiniuliza mashariki au kusini, kwa mtu ambaye hajaamua, mi ningemwambia aanzie hapo Ruaha, kiangazi.

Ombi langu Mhariri ni hili. Mkirudia makala ya aina hiyo, lile jedwali la nchi liondoeni, wekeni la miezi, Januari mpaka Desemba, kila mwezi andikeni maji yako wapi na wanyama wako wapi, na mwulizeni dereva yeyote anayeshinda huko porini awasaidie kulijaza. Mwanangu mdogo sasa ni mtu mzima, darubini yake bado anayo, na mwezi wa nane mwaka huu anakwenda kule kaskazini, mto Mara.

Ni mimi msomaji wenu.