Si umri uliomwangusha Bob Hope

Ndugu Mhariri,

Mchambuzi wenu wa filamu za zamani ameiponda Cancel My Reservation ya mwaka 1972. Hapo sina ugomvi naye, filamu yenyewe imepooza. Nisichokubali ni sababu aliyoitoa, eti Bob Hope, mchekeshaji wa Marekani aliyeongoza waigizaji wake, alikuwa ameshazeeka. Kweli alikuwa na miaka 69, lakini mchekeshaji mwenzake George Burns alichukua Oscar akiwa na miaka 80, tena kwa kuchekesha, katika The Sunshine Boys.

Hope alichekesha kwa woga. Alikuwa yule mtu anayejitia ujasiri huku magoti yakigongana, na mtu wa namna hiyo lazima awe na cha kuogopa. Mtazameni kwenye The Cat and the Canary ya 1939: jumba kwenye vinamasi vya Louisiana, wosia unasomwa usiku wa manane, mwanasheria anatoweka, kisha maiti yake inaanguka kutoka kwenye mlango wa siri. Mwigizaji mwenzake, Paulette Goddard, yuko kitandani, na ukutani nyuma yake unachomoza mkono wenye makucha. Hapo Hope akitania, unacheka kwa sababu hata wewe roho iko juu.

Hii ya 1972 je? Hope ni mtangazaji wa televisheni wa New York, daktari kamwambia akapumzike Arizona. Huko anakuta maiti ya mwanamke, na anayeshukiwa ni yeye. Nani asingelowa jasho? Yeye anaachia mzaha baada ya mzaha kwa sauti ileile, kama anayesoma vile vibao vya maneno alivyokuwa akiandikiwa kwenye vipindi vyake vya televisheni. Marehemu hana wa kumlilia, muuaji hana wa kumwogopa.

Kinachoniuma zaidi ni Eva Marie Saint. Mwigizaji aliyefanya kazi na Hitchcock, yule mwongozaji wa filamu za kutia hofu, anayejua hofu inavyojengwa, kapewa nafasi ya mke wa kubishana na mumewe, basi. Badala yake wanaletwa nyota John Wayne na Bing Crosby wapite mara moja tuwashangilie, kwa kuwa tu tunazijua sura zao.

Namwomba mchambuzi wenu siku nyingine atuchambulie mswada wa filamu, aache kuhesabu mikunjo ya uso wa mtu.

Msomaji wenu,
Tanga