Si mlimchagua wenyewe?

Ndugu Mhariri,

Kila tozo mpya inapotua, hukosi mtu wa kukuambia, "Mnalia nini, si mlimchagua wenyewe?" Nimeambiwa hivyo na diwani, na shemeji yangu, hata na kijana wa dukani anayeniuzia umeme. Naomba nafasi niwajibu wote watatu.

Nimepanga chumba na sebule hapa Morogoro mjini. Tangu Agosti 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla: ilianza shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, sasa ni 1,500. Nyumba si yangu. Kisheria mlipaji ni mwenye nyumba, lakini mita iko mlangoni kwangu, kwa hiyo mimi ninayenunua umeme wa 5,000 mwanzoni mwa mwezi ndiye ninayeona uniti zimepungua. Nilipomgusia mwenye nyumba tuikate kwenye pango, alicheka tu. Pesa yenyewe hainifilisi. Kinachonikera ni kukosa wa kumuuliza. Mita inameza tokeni na kunyamaza.

Sasa niambieni, kura yangu ya Oktoba 2020 iliamua nini hapo? Sikumbuki mgombea wa chama chochote aliyepanda jukwaani akasema nikishinda nitaingia kwenye mita yako. Wala tozo ya miamala ya pesa kwa simu iliyoanza Julai 15, 2021 sikuisikia kwenye kampeni. Nilikuwa namtumia mama pesa kila wiki mbili. Nikarudia mtindo wa zamani wa kumpa dereva wa basi bahasha, na jirani zangu kadhalika. Kelele zilipozidi, ndani ya siku chache Rais akaagiza tozo itazamwe upya. Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, na mwaka uliofuata ikashushwa tena. Uchaguzi ulikuwa bado miaka minne! Walioishusha ni watu waliopiga kelele na kuacha kutuma, tena wengine hata hawakupiga kura.

Kura humweka mtu kitini. Haimwambii mkono wake uishie wapi.

Sisemi serikali ijikunyate. Wanangu wamesoma bila ada tangu 2016, na umeme huohuo ninaoulalamikia umefika hadi kwa mama kijijini. Ila mkono ukishafika kwenye simu na kwenye mita, mwananchi naye apate pa kuuliza kabla ya miaka mitano kwisha. Tena pa kuuliza pameshawekwa, hatupatumii tu. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa kukaa kila miezi mitatu, watu wasomewe mapato na matumizi.

Nilihudhuria mmoja kwetu kijijini Aprili mwaka jana. Mtendaji alisoma taarifa kwa dakika kumi hivi, kwa sauti ya kujisemea, macho kwenye daftari. Mzee mmoja akasimama, kofia mkononi, akauliza michango ya zahanati imeishia wapi. Mwenyekiti akamjibu, "Mzee wangu, keti. Kama hujaridhika, subiri uchaguzi."

Uchaguzi wa vijiji ulikuwa umefanyika Novemba 2024, miezi mitano tu nyuma. Mzee aliketi. Zahanati, hadi naandika barua hii, haina paa.

Mpangaji,
Morogoro